Nyonga Haingoji Mabishano ya Sindano

Kwenye matanga ya bibi mmoja wa Biryogo, hapa Kigali, nilimsikia mwanamume mzima akisema, "Afadhali hawakumpa nusu kaputi, wangemuua wao." Waliokaa naye mkekani wakaitikia. Marehemu hakufika hata mlango wa chumba cha upasuaji. Hakuchomwa ganzi ya mgongo wala hakulazwa usingizi. Aliteleza uani na ndoo ya maji mkononi, nyonga ikavunjika, akalala hospitalini siku 9 huku mguu umefungwa kamba na kidumu cha maji kikining'inia mwisho wa kitanda. Siku ya 6 kifua kikaanza kukoroma.

Alikuwa anangoja sahihi. Mtaalamu wa usingizi alieleza kwamba bibi anatumia dawa za kuzuia damu isigande na mgongo wake umepinda kwa uzee, kwa hiyo atalazwa usingizi kabisa, ndiyo hiyo nusu kaputi. Wanawe wakakataa: ya mgongo, au hapasuliwi mtu. Wakasema angojwe kaka yao mkubwa atoke Bukavu.

Naandika kwa uchungu, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia Nyamirambo, Kimisagara na Remera, tena kwa watu waliosoma: nusu kaputi huua wazee, sindano ya mgongo huwaokoa. Si kweli, na wanaolipia ni wazee wetu.

Najua imani hii imetoka wapi. Kina mama wengi wa mji huu wamejifungua kwa upasuaji wakiwa macho, wakamsikia mtoto akilia, na siku ya pili wakasimama. Nani asiiamini sindano hiyo? Halafu neno lenyewe linatisha. Hiyo "kaputi" tuliachiwa na Wajerumani, maana yake kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Ukiambiwa mama yako anakwenda kufanywa nusu yake, utatia sahihi kwa mkono upi? Ajabu ni kwamba sindano ya mgongo nayo ni ya Mjerumani, August Bier, aliyeianza mjini Kiel mwaka 1898.

Madaktari nao waliwahi kuamini hivyo, na tafiti za zamani ziliipa sindano ya mgongo afadhali kidogo. Ndipo wakaamua kupima kwa haki. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga, wote wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa mgongo, wale usingizi. Baada ya siku 60, waliokufa au kushindwa kutembea mita 3 bila kusaidiwa na mtu walikuwa asilimia 18.5 upande wa mgongo na 18.0 upande wa usingizi. Vifo peke yake: 3.9 na 4.1. Hata kuweweseka baada ya upasuaji, ambako wengi hukutaja kama dhambi kuu ya nusu kaputi, kulikuwa sawasawa. China walipima wazee wao 950 kuhusu huko kuweweseka, nao hawakuona tofauti.

Utaniambia hospitali za kule si hizi zetu. Ni kweli. Kama fundi wa ganzi wa hospitali ya wilaya huchoma migongo kila siku na mrija wa kupumulia huushika mara chache, basi achome mgongo, na mimi nitamuunga mkono. Lakini hapo tumechagua mkono uliozoea, na kesho mkono huo unaweza kuwa wa usingizi. Ganzi ya mgongo nayo hushusha presha, na kwa mwenye mlango wa moyo uliobana sana inaweza kuwa hatari kubwa. Ndiyo maana anayestahili kuchagua ni yule aliyempima mgonjwa.

Kinachoua nyonga ni kitanda. Mzee akilala chali bila kugeuka, mapafu hujaa nimonia, damu huganda miguuni na bonge lake likapanda hadi mapafuni, ngozi ya makalio huoza, hamu ya kula hukatika. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa nchi 17 na wagonjwa karibu 3,000: kupasuliwa ndani ya saa 6 badala ya 24 hakukupunguza vifo, ingawa kuweweseka kulipungua. Hao walishindana kwa saa. Sisi tunabishana siku nzima, na ya pili, na ya tatu.

Kwa hiyo, ndugu unayeuguza, ukishikishwa fomu uliza mambo haya: Mama ataingia lini? Nani atakaa kichwani pake, na kipima oksijeni cha kidoleni kitakuwepo? Maumivu yatatulizwa vipi usiku wa leo? Lini atakalishwa, lini atasimamishwa?

Nanyi wa hospitali, msimtume mwanafunzi na karatasi ya Kifaransa au Kiingereza. Atakayemlaza mgonjwa ndiye aje mwenyewe kitandani, avute kiti, aeleze kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili kwa nini amechagua hivyo, na kama kuna kaka Bukavu apigiwe simu palepale, kabla jua halijazama.