Kabla hujalipa "kupiga Window", angalia saa ya kompyuta

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea ile kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni kwako, ya mtumba, yenye Windows 7 au 8, ambayo juzi imegoma kufungua chochote mtandaoni na wewe umeshaanza kuulizia fundi.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni: usikubali ipigwe Window mpaka mtu akuambie kilichoharibika ni nini. Mimi nilikubali, nikapoteza daftari langu la madeni.

Nauza vitenge na mashuka hapa Tunduma. Wateja wangu wengi wako Vwawa, Mlowo na Mbeya, na wachache hapo ng'ambo Nakonde. Oda nazipokea kwa simu, lakini picha na hesabu nazifanyia kwenye kompyuta, maana kupanga picha sitini za vitenge kwenye simu ni adhabu. Asubuhi moja nikawasha, nikafungua kivinjari, kila ukurasa ukaja na pembetatu nyekundu na maneno ya Kiingereza. Facebook hivyo hivyo. Barua pepe hivyo hivyo. WhatsApp ya kwenye kompyuta ndiyo kabisa. Bando lipo, simu inafungua vizuri, kompyuta haitaki.

Nikaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi. Hakuiangalia hata dakika tano. "Hii Window imechoka, tuipige upya, elfu ishirini." Nikasema sawa. Hakuniuliza kama nina vitu vyangu ndani, na mimi sikumwambia. Jioni naichukua inafungua kila kitu, nafurahi. Nafika nyumbani natafuta faili la madeni, hakuna. Wateja kumi na wanne waliochukua mzigo kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, majina, kiasi, tarehe, vyote vimefutika. Wanane niliwapata kwa kufukua meseji za zamani. Waliobaki ilibidi niwapigie, niwaulize wao waniambie nawadai shilingi ngapi. Hebu fikiria kumpigia mtu simu ya namna hiyo. Mmoja alinijibu "mbona nilishalipa dada", na sikuwa na cha kumwonyesha.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Baada ya wiki tatu hivi umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi nawasha, pembetatu ile ile. Window mpya, ugonjwa ule ule.

Safari hii mdogo wangu alikuwa likizo. Akaangalia kona ya chini kulia ya skrini, akacheka. "Dada, kompyuta yako iko mwaka 2009."

Ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kivinjari kikifungua ukurasa salama, ule wenye alama ya kufuli, kwanza kinakagua cheti cha tovuti hiyo. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kivinjari hakina kalenda yake, kinaiuliza saa ya kompyuta. Kompyuta ikiwa 2009, cheti kilichotolewa juzi kinaonekana hakijaanza kutumika, basi kinakataa. Yale maneno ya Kiingereza niliyokuwa nayafunga bila kusoma yalikuwa yanasema hivyo hivyo, kwamba saa yako iko nyuma. Fundi alipopiga Window aliweka tarehe sahihi, ndiyo maana ikaonekana imepona.

Na saa inarudi nyuma kwa nini? Ndani ya kompyuta, kwenye bodi kubwa, kuna betri ya duara kama shilingi. Imeandikwa CR2032, yaani upana milimita 20 na unene milimita 3.2, volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa itembee wakati kompyuta haina umeme. Baada ya miaka inakufa. Ukiwa unaacha kompyuta kwenye soketi yenye umeme hutagundua. Lakini sisi tunaozima ukutani kila usiku, na umeme wenyewe tunaujua, kila ukikatika saa inaanza upya. Ndiyo maana ugonjwa huu unakuja na kuondoka kama malaria.

Betri nilinunua elfu mbili kwa fundi saa. Ukibadilisha mwenyewe, chomoa waya wa umeme kabisa, gusa chuma cha kasha kwanza, na ile mpya ikae upande wenye maandishi juu. Mara ya kwanza kuwasha inaweza kukusimamisha na kutaka ubonyeze F1 au uingie kwenye mipangilio. Usiogope, weka tarehe tu. Na tarehe ikiwa imekosea kwa miaka, usitegemee itajirekebisha yenyewe kwa intaneti, mara nyingi inashindwa. Iweke kwa mkono.

Hapa mpakani tuna lingine. Nakonde wako nyuma yetu saa moja. Simu ikinasa mtandao wa Zambia, saa inaruka, na wengi tunaweka saa ya kompyuta kwa kuangalia simu. Kwenye majira ya saa chagua Nairobi, ile ya jumlisha 3, usichague Harare ambayo ni jumlisha 2. Kosa la saa moja kwa kawaida halifungi kurasa, ila litakuvuruga kwenye barua pepe na muda wa oda.

Haya, tuseme saa iko sawa na kivinjari bado kinasumbua: kizito, kinajifunga, kinafungua matangazo ambayo hujayaita. Kabla ya kufuta kitu, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Chrome itafungua dirisha la hali fiche. Fungua humo ukurasa unaokusumbua. Ukifunguka vizuri, Window yako haina kosa. Kosa liko kwenye takataka zilizohifadhiwa au kwenye viendelezi, vile vijiprogramu vinavyojibandika pale juu kulia. Mimi nilivikuta vinne, kimoja kilikuja siku nilipopakua programu ya kushushia video. Viondoe usivyovijua. Kisha Ctrl, Shift na Delete, chagua picha na faili zilizo kwenye akiba. Hapo usiweke tiki kwenye pasiwedi, wengi tunaweka tiki kila mahali kwa hasira. Ikishindikana, kwenye mipangilio ya Chrome kuna sehemu ya kurejesha hali ya mwanzo. Itakutoa kwenye akaunti zako na kuzima viendelezi, lakini alamisho na pasiwedi ulizohifadhi zinabaki. Yote hayo ni dakika ishirini na hayagusi faili zako hata moja.

Kuna mwenzangu aliniambia, "wewe unatetea makopo, kompyuta ya zamani itupwe." Nusu ana haki. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1 ni toleo la 109, la Januari 2023. Firefox ya mwisho huko ni 115, na Mozilla iliendelea kuipa marekebisho ya usalama muda mrefu baada ya Chrome kuacha, kwa hiyo kati ya hizo mbili mimi nilihamia Firefox. Hata Windows 10 muda wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ipo siku ukurasa utakataa kwa sababu kivinjari kimezeeka kweli, na hapo betri haitakusaidia.

Ila mimi sina milioni ya kompyuta mpya mwezi huu, na najua wewe pia unaangalia mtaji kwanza. Nilichofanya ni kugawa kazi. Picha, orodha ya bei na madeni viko kwenye kompyuta. Benki na pesa za simu sizifungui humo kamwe, hizo ni za simu yangu. Pasiwedi ya barua pepe ya biashara nayo nimeitoa humo.

Na kuna mtego mmoja wa wenye mashine za zamani. Unafungua ukurasa fulani unaambiwa "Chrome yako imepitwa, bonyeza hapa kusasisha." Kwa Windows 7 hakuna Chrome mpya ya kusasisha. Anayekupa hiyo anakupa kirusi. Vilevile, saa yako ikiwa sahihi na pembetatu nyekundu ikatokea kwenye tovuti moja tu huku nyingine zinafunguka, usilazimishe kuendelea, hasa kama wanataka namba ya kadi.

Turudi kwa mafundi. Siwaiti wezi. Kupiga Window ni njia ya haraka, na sisi tunawapelekea mashine tukisema "imeharibika" tu, tunataka jioni iwe tayari. Lakini biashara yako ikiwa ndani ya hiyo kasha, una haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kuiacha: kilichoharibika ni nini, na vitu vyangu utavihifadhi wapi? Akikosa jibu la la kwanza, mlipe elfu tano ya kuchunguza, na mwambie wazi kwamba hiyo ni ya kuchunguza tu. Nadhani wengi wangechunguza kama tungekuwa tunalipia kuchunguza. Sasa hivi tunalipia kufuta.

Mimi siku hizi kila Jumamosi jioni nanakili faili la madeni kwenye fleshi, na fleshi inakaa kwenye kabati la vyombo, siyo mezani karibu na kompyuta. Yule aliyesema alishalipa bado ananunua kwangu, ila sasa ni kwa taslimu.

Kama yako imegoma leo, kabla ya kuita bajaji tazama kona ya chini kulia. Usisome saa peke yake, soma na mwaka.