Goma: Mshipa wa moyo wa mtoto mchanga na chumvi zisizopimwa

Mwaka 2024, vita ilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, ziwa Kivu ndilo lililobaki njia. Maboti yalishusha watu na vyakula Kituku, na tarehe 3 Oktoba MV Merdi ilizama karibu na bandari hiyo na kuua makumi ya abiria. Mama mjamzito aliyepanda Minova alijua hatari ya mawimbi. Hatari nyingine ilimngoja Goma: kuzaa mbele ya wakati katika mji wenye umeme wa kubahatisha.

Tumboni, mtoto hapumui kwa mapafu yake. Damu inayakwepa kwa kupitia mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na ule mkuu wa mwili. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, njia hiyo hujifunga katika siku tatu hivi za kwanza. Kwa aliyezaliwa mbele ya wiki 28, mara nyingi inabaki wazi. Hapo damu hujaa mapafuni, huku figo na matumbo vikipungukiwa.

Kinachoufunga mshipa huo ni msuli wake wenyewe. Oksijeni ikipanda, potasiamu huzuiwa kutoka kwenye seli, kalisiamu huingia, msuli hukaza. Maji pia yana kazi yake: mtoto akitiwa serumu nyingi kupita kiasi, sodiamu hushuka na mshipa huwa mgumu zaidi kufunga. Akipewa kidogo mno hukauka, maana ngozi yake ni nyembamba sana.

Je, dawa? Ibuprofeni husaidia kufunga, lakini hupunguza mkojo na kuvuruga chumvi hizo hizo. Utafiti wa Uingereza uitwao Baby-OSCAR, wa mwaka 2024, uliwafuata watoto 653 waliozaliwa mbele ya wiki 29. Kuwapa ibuprofeni mapema hakukupunguza vifo wala ugonjwa wa mapafu. Basi swali kubwa kwa Goma si dawa. Ni nani anayepima sodiamu na potasiamu, na kwa mashine gani?

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia mjini, umeme na maji vilikatika na watu wakachota ziwani. Umoja wa Mataifa ulisema hospitali ya Charité Maternelle ilipigwa na makombora, na watoto wachanga walikuwa miongoni mwa waathirika. Uwanja wa ndege ukafungwa. Bila umeme, kuvezi hupoa na mashine ya labo hunyamaza.

Muuguzi hubaki na mizani, hesabu ya nepi zilizolowa, na kifua cha mama, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978. Mizani humwonyesha kama serumu imezidi. Potasiamu ikipanda hadi kutishia kusimamisha moyo, haimwonyeshi chochote.