Mota ya Kugeuza Ufito wa Kuvulia

Juma hili nataka tuzungumze habari ya mota. Si mota ya kusaga unga wala ya kuvuta maji, bali ile ya kugeuza ufito wa kuvulia samaki wakati vanishi yake inapokauka. Labda utasema, "Jambo dogo hilo, Karani!" Ngoja kwanza. Jambo hilo dogo limekwisha kuharibu feni na kuleta ugomvi katika nyumba moja hapa Manundu, na nusura lilete msiba.

Kijana mmoja, jirani yangu, hutengeneza fito za kuvulia. Mto Pangani tunao karibu, perege na kambale wamo, na wako watu wapendao ufito mzuri wenye pete za kupitishia mshipi. Kila pete hufungwa kwa uzi mwembamba, mzunguko kando ya mzunguko. Kisha juu ya uzi hupakwa vanishi nzito, ile ya chupa mbili zinazochanganywa. Vanishi ndiyo ishikayo uzi na kuzuia maji. Ikikosekana upande mmoja, uzi hulegea, pete huchomoka, na siku samaki mkubwa atakapovuta utarudi nyumbani na hadithi tu.

Taabu ni kwamba vanishi hiyo hubaki majimaji kwa muda mrefu. Ukiulaza ufito na kuuacha, huteremka yote ikaning'inia chini kama chozi, na upande wa juu hubaki mtupu. Kwa hiyo sharti ufito ugeuke bila kusimama kwa muda wa saa nne, au sita, au zaidi, mpaka vanishi ishike. Kijana wetu alikuwa akigeuza kwa mkono. Usiku mmoja usingizi ulimshinda, na asubuhi akakuta machozi yamegandamana kila penye pete. Mwenye ufito alipoona hivyo alikataa kuulipia.

Ndipo alipoazimia kupata mota. Jicho lake likaangukia feni ya mama yake. Mnajua joto la Korogwe mwezi wa Februari, na mama yule ni mtu mzima, bila feni hapati usingizi. Kijana hakuomba ruhusa. Aliifungua, akafunga ufito, akawasha. Loo! Vanishi iliruka ukutani, ikaruka juu ya chandarua, ikamrukia yeye mwenyewe usoni. Ufito ukajipiga mezani, ncha ikavunjika. Nayo feni haikurudi kuwa feni tena. Kwa siku nyingi mama hakusema na mwanawe ila neno la lazima.

Kosa lake lilikuwa nini, mbali na kutoomba? Alitafuta nguvu mahali panapotakiwa upole. Mota ya feni huzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Ya cherehani huzidi hapo. Mota ya waipa ya gari ina gia na nguvu nyingi, lakini hata katika mwendo wake wa chini huzunguka kama mara 40 kwa dakika, na hula betri sana. Ufito wahitaji mizunguko baina ya 5 na 20 kwa dakika, basi. Ikipungua sana vanishi huteremka, ikizidi hurushwa.

Mota ya mwendo huo imo katika chombo ambacho siku hizi hutupwa kila mji: jiko la maikrowevu. Chini ya sahani yake ya kioo kuna mota ndogo, yaenea kiganjani, ambayo kazi yake ni kuzungusha chakula polepole. Ndani yake mna gia nyingi ndogo. Mota hii hufuata mapigo ya umeme, kwa hiyo mwendo wake haubadiliki. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, kama utokavyo katika mitambo mikubwa, mfano wa ile iliyojengwa Hale mwaka 1964 ili izungushwe na maji ya mto Pangani huu huu. Ukiona mota imeandikwa 5/6, maana yake kwetu itazunguka mara 5 kwa dakika. Ile 6 ni kwa nchi ambazo umeme wake hupiga mara 60.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana. Jirani yangu alipewa maikrowevu mbovu. Nilimkuta ameketi uani, bisibisi mkononi, anafungua bati la juu. Nikamwambia, "Mwanangu, acha hapo hapo!" Akajibu, "Lakini nimeichomoa kwenye umeme, mzee." Msomaji, kuchomoa hakutoshi. Ndani ya jiko hilo mna kapasita, yaani kikopo kinachoweka umeme akiba, nacho hufanya kazi kwa zaidi ya volti 2000. Huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya jiko kuchomolewa, na kukigusa kunaweza kuua. Mpelekee fundi wa redio aliyeizoea kazi hiyo. Yeye aweza kuitoa mota ile, mara nyingi kwa njia ya chini, asiguse mahali pa hatari.

Ukiipata, soma maandishi yake kabla ya kuiunga. Nyingi ni za volti 220 hadi 240, hizo zafaa umeme wa nyumbani. Lakini ziko za volti 21 au 30. Ukizichomeka ukutani zitaungua papo hapo. Fundi aunge waya, aweke swichi, kisha mota ifungwe katika kisanduku ili mtoto asiguse vyuma vyake.

Mota hii haina nguvu ya kubeba. Basi, ufito ulazwe juu ya miti miwili iliyokatwa pembe kama panda ya manati, na pembe zitandikwe kitambaa laini. Uwe sawa na kichwa cha mota, usipande wala usishuke. Kuunganisha, tumia kizibo cha bomba la plastiki na vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukiwasha, huenda mara hii izunguke kulia na mara nyingine kushoto. Usishangae, ndivyo ilivyo, na vanishi haijali. Wala usiogope gharama, kwa kuwa hutumia kama wati 4. Ikizunguka usiku na mchana, haitimizi sehemu moja ya kumi ya uniti.

Na nyumba isiyo na umeme je? Geuza kwa mkono, nusu mzunguko kila baada ya dakika chache, na upake vanishi nyembamba mara mbili badala ya nene mara moja. Ila mpate kuwa wawili, mpokezane. Kijana yule angalikuwa na mwenziwe, usingizi usingalimtia hasara.

Sasa mota yake inazunguka kila usiku katika kisanduku cha mbao, naye amelala. Fedha ya ufito wa kwanza hakununulia uzi wala vanishi. Alikwenda dukani akarudi na feni, akaiweka mbele ya mama yake, asiseme neno. Mama akaiwasha, akakaa kidogo, kisha akamwuliza, "Umekwisha kula?"

Wasalaam. Ni mimi karani wenu.