Masimulizi ya Ushirazi na Imani kwa Wataalamu

Kwa karne nyingi wazee wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki wamesimulia kwamba baadhi ya wahenga wao walitoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa karne ya 16, inayo habari hiyo. Waandishi wengi wa zama za ukoloni waliyapokea masimulizi hayo bila kuyahoji, wakadai kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni. Dai hilo lilistahili kupingwa. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Shanga, pamoja na uchambuzi wa lugha katika kitabu cha Derek Nurse na Thomas Spear cha 1985, ulidhihirisha kwamba misingi ya miji hiyo na ya lugha yake ni ya Kiafrika.

Hata hivyo, wataalamu kadhaa walivuka mipaka ya ushahidi wao. Waliyahesabu masimulizi ya Ushirazi kuwa hadithi za kujitafutia heshima tu. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliofariki zamani, wengi wao wa miji ya pwani. Ilibainika kwamba wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kike, iliyochanganyika na nasaba ya Kiasia, hasa ya Kiajemi kwa upande wa kiume. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Je, wazee wameshinda na wataalamu wameshindwa? La hasha. Nasaba si lugha. Mfumo wa ngeli, upatanisho wa kisarufi na mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili ni wa Kibantu, na hakuna mfupa wa kaburini unaoweza kulibatilisha hilo. Anayedai kwamba kosa moja la wataalamu linahalalisha kila dai walilolikataa anarudia kosa lile lile la kuvuka mipaka ya ushahidi.

Imani ya umma haiporomoki kwa sababu mtaalamu amekosea, bali kwa sababu amekosea kwa kiburi, kisha akanyamaza. Basi ni wajibu wa vyuo vikuu kuyaandika masahihisho haya kwa Kiswahili, ili yawafikie wale ambao kauli yao ilipuuzwa.