Mshumaa wa Kopo Usio na Shimo

Katika nyumba nyingi zisizo na umeme, iwe Juru kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958, au pembezoni mwa mji wa Mbarara, mama hujimiminia mshumaa ndani ya kopo. Kesho yake hukuta shimo kandoni mwa utambi, na mshumaa kama huo hauuziki kwa urahisi.

Kosa si la nta. Nta inapopoa hupungua ujazo, na sehemu ya katikati hupoa mwisho.

Nta iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe. Maji hayapiti nyuzi 100, hivyo nta haiungui. Kopo liwe kavu, lipashwe moto kidogo, na utambi wa pamba usimame wima. Nta imiminwe taratibu, na kiasi kibakizwe.

Kopo lipoe mahali pasipo upepo. Uso ukianza kuganda, utobolewe kwa kijiti karibu na utambi. Nta ikishapoa, ile iliyobaki iyeyushwe na kujaza pengo. Mikwaruzo hulainishwa kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto.

Watoto wakae mbali. Nta ikishika moto, maji yasimwagwe kamwe, kwani moto utaruka na kumuunguza mpishi. Jiko lizimwe, na sufuria ifunikwe kwa mfuniko hadi ipoe. Baba arudipo kutoka lindo aikute nyumba nzima.