Tamko la Wakulima wa Bonde la Chini la Mto Rufiji Kuhusu Mafuriko na Haki ya Taarifa

Sisi, wanachama wa chama cha wakulima wa bonde la chini la Mto Rufiji, tukiwa tumekutana katika mkutano mkuu, tunatoa tamko lifuatalo kwa umma na kwa mamlaka zote zinazohusika.

Hali ilivyo

1. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, kisha huyamwaga katika uwanda tambarare unaoishia kwenye mikoko ya delta. Ndiyo maana mvua iliyonyesha Njombe huweza kuufurisha mto Utete wakati Utete kwenyewe kumekauka.

2. Mafuriko ya kiasi ndiyo uhai wa bonde hili. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, nasi hupanda mlau: mahindi, kunde na maboga. Maangamizi huletwa na maji ya ghafla, au yaliyowahi kabla ya wakati wake. Mpunga mchanga huzama ukaoza; na familia iliyolala dunguni ikilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe hukosa njia ya kutoka.

3. Baada ya mafuriko ya 1968, wakazi wengi walihamishiwa miinukoni, lakini mashamba yalibaki bondeni. Aprili 2024 maji yalifunika tena mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Muhoro ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika.

4. Bwawa la Julius Nyerere katika mto huu, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa haliumbi mvua, na Chama kinatambua kuwa mvua za El Niño za msimu wa 2023/2024 zilikuwa kubwa. Bwawa huweza hata kupunguza makali ya mafuriko. Hata hivyo lina milango, na milango hufunguliwa kwa uamuzi wa watu.

Msimamo

5. Uamuzi unaogusa uhai na chakula cha wananchi haupaswi kuwafikia kwa njia ya maji yenyewe. Kupewa taarifa mapema ni haki ya aishiye chini ya bwawa, wala si hisani ya anayelisimamia.

6. Chama hakipingi makazi kujengwa miinukoni. Kinapinga dhana kwamba aliyehamisha nyumba yake kutoka bondeni ameliacha na shamba lake. Mlau haupandwi kilimani.

Maazimio

7. Chama kinazitaka mamlaka husika:
(a) kutangaza mapema kila ufunguzi wa milango unaoongeza maji mtoni, kwa redio, kwa simu na kupitia kamati za maafa za vijiji, zikitaja siku maji yatakapofika;
(b) kusimika nguzo za kupimia kina cha maji katika vijiji vya kando ya mto, vipimo vyake visomwe hadharani;
(c) kuachia maji ya msimu kwa kiasi na wakati unaofaa mlau, samaki na mikoko;
(d) kudhibiti ukataji wa misitu katika vyanzo vya mto, kwa kuwa mvua isiyozuiwa na miti hutufikia kwa kasi.

8. Chama nacho kinajifunga kwamba wanachama wake hawatalima ukingoni wala kukata mikoko, na kila kijiji kitaweka daftari la watu walioko madunguni wakati wa masika, ili tahadhari isimpite yeyote.

9. Chama kitashiriki kwa nia njema katika kila kikao kitakachoitwa. Hakitatambua mpango wowote wa kusimamia mto huu utakaopitishwa bila wakulima wa bonde kusikilizwa.

10. Tamko hili litawasilishwa kwa maandishi katika mamlaka za bonde, wilaya na mkoa. Chama kinatarajia kujibiwa kwa maandishi kabla ya masika ijayo.