TIBA YA MICHEZO: TUACHE KUSUBIRI MADAKTARI, TUANZE NA WALIMU

Bumu limechelewa na mvua za Uluguru hazikatiki, lakini leo sina habari nayo hayo. Leo nina ugomvi na ninyi walimu watarajiwa wenzangu. Nikiwaudhi, mtanisamehe mkimaliza kusoma.

Tangu CHAN ichezwe hapa Tanzania, Kenya na Uganda mwezi Agosti 2025, na kwa kuwa AFCON ya 2027 nayo tulishapewa pamoja na majirani zetu hao, hosteli kwetu kuna mjadala hauishi. Eti nchi inahitaji madaktari wa michezo, na kijana mwenye akili asomee huko. Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba kila anayetaja tiba ya michezo anamfikiria yule jamaa anayekimbilia uwanjani na begi na dawa ya kupuliza. Halafu mjadala unafungwa hivi: "Hayo ya watu wa PCB bwana, sie ya kwetu chaki."

Hapo ndipo ninapokataa.

Hebu tuifuate hiyo njia ya daktari. Kidato cha sita PCB, miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kazini, halafu ubingwa wa mifupa, tuseme pale Muhimbili ambako MOI ipo tangu 1996. Ukimaliza ndipo utafute masomo ya tiba ya michezo yenyewe, na hapo huenda ukapanda ndege. Hata Uingereza, na mpira wao wote ule, fani hiyo waliitambua kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 2005. Kwa hiyo ukikaa Mgeta unamngoja bingwa huyo apande mlima, ndugu yangu, utaota mvi.

Tena wanaoumia wengi wako wapi? Kwa Mkapa? Wapi! Wako UMITASHUMTA, wako UMISSETA, wako kwenye bonanza la kugombea mbuzi kule Matombo. Huku Uluguru kuna viwanja vimechongwa ubavuni mwa mlima, ukipiga shuti la hasira mpira mnaufuata bondeni. Mtoto akianguka hapo, daktari wa timu ni nani? Ni mwalimu wa michezo. Na kama hayupo, ni mwalimu wa zamu. Yaani ni wewe na mimi.

Nilipokuwa BTP kwenye shule moja ya huku milimani (jina kapuni), binti wa kidato cha pili aliruka kudaka mpira wa netiboli, akatua vibaya, goti likasokota. Muda si mrefu limevimba kama embe dodo. Mmoja akataka kuuvuta mguu. Mwingine kaleta mafuta ya moto amchue. Wa tatu anasema atembeetembee ili damu izunguke! Jeraha bichi halichuliwi wala halipashwi moto. Linapumzishwa, linawekwa kitu cha baridi, linafungwa bandeji, mguu unainuliwa, kisha mtu anapelekwa hospitali. Niliyajua hayo kwa sababu ya skauti. Chuoni sijafundishwa hata sentensi moja. Nyumbani walimpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa, na mpaka naondoka alikuwa bado anachechemea.

Goti ni afadhali, kuna moyo. Desemba 2016, Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alianguka katikati ya mechi na akafariki. Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vilevile kule Copenhagen. Yeye alikandamizwa kifua palepale kwenye nyasi, akashtuliwa moyo kwa mashine, na mwaka 2022 akarudi kucheza. Sisemi kwamba Ismail angepona, hilo anajua Mungu. Ninachosema ni kwamba moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila hiyo mashine, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia kama 7 hadi 10. Sasa piga hesabu ya gari la wagonjwa kutoka mjini hadi Nyandira. Mikono iliyo karibu ni ya mwalimu. Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika hakuhitaji PCB.

Na kuna kuzuia kabla ya kutibu. FIFA wana mpango wa kupasha mwili moto unaoitwa 11+. Una mazoezi 15, dakika kama 20, kifaa ni mpira tu. Tafiti zimeonyesha timu zinazoufuata sawasawa hupunguza majeruhi kwa theluthi mpaka nusu. Sisi je? Zungukeni uwanja mara mbili, haya, anzeni! Mnakumbuka Haiba na Michezo shule ya msingi? Kwa kuwa haikuwamo kwenye mtihani wa darasa la saba, kipindi kikageuka cha hesabu au cha kufyeka majani.

Wanafunzi nao tunawadanganya kwamba mlango ni mmoja. Milango ipo mingi: fiziotherapia inasomwa Moshi pale KCMC. Viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, TATCOT, hukohuko Moshi. Ualimu wa elimu ya viungo na sayansi ya michezo, Mlimani. Ukocha, Malya kule Mwanza. Lishe ya binadamu ipo SUA, hapahapa Morogoro, unakwenda kwa bodaboda! Mwalimu asiyeyajua haya atamwambia nini mtoto anayependa michezo?

Najua mtaniambia "hakuna ajira". Kwani ualimu ajira zinagawiwa sokoni? Mtaniambia klabu hazina hela. Mbona kamati ya ufundi haikosi hela usiku wa kuamkia mechi? Mnajua ninaongelea ufundi upi. Mganga wa namna hiyo analipwa taslimu, mtu wa fiziotherapia anaambiwa ajitolee.

Kwa hiyo mimi nataka mambo mawili. Huduma ya kwanza iwe somo la lazima kwa kila anayesomea ualimu, na asiyefaulu asiende BTP. Pili, mechi ya shule isianze kama hakuna mtu mmoja uwanjani aliyefundishwa, begi la huduma ya kwanza, na usafiri unaojulikana. Tukiweza kuchangishana jezi, bandeji itatushinda?

Anayepinga aje na hoja, asije na GPA yake.

Nawasilisha.